Machela ya Kabichi ya Wusi

Nakumbuka siku moja nilipomeza maji yaliyopaswa kutemwa. Naikumbuka vizuri, mwanangu, kuliko ninavyokumbuka mahali nilipoweka miwani yangu asubuhi ya leo. Usicheke bado. Ngoja nikueleze, kwa sababu nasikia vijana wa siku hizi mnaanzisha miradi ya kusaidia watu, mkifika ofisini mnazungushwa, mnarudi nyumbani mkiwa mmevimba kama maandazi. Mimi nilivimba kabla yenu.

Ilikuwa miaka ya sabini ikianza. Nilikuwa kijana wa Wusi, huku milimani Taita, mwenye cheti cha sekondari na uvivu wa kutembea. Nilikuwa nimeenda Voi kufanya ukarani kwenye ghala moja, lakini joto la Voi lilinishinda. Mtu aliyezaliwa kwenye ukungu wa milimani ukimweka Voi, ni sawa na sukuma wiki iliyosahauliwa juani. Mwaka haukuisha nikarudi nyumbani. Watu wakaniuliza, "Umefukuzwa?" Nikawajibu kwamba nimejifukuza. Mama alifurahi, nami nikaketi karibu na jiko nikingoja serikali itambue kipaji changu iniandikie barua. Nadhani bado wanatafuta bahasha.

Siku hizo gari lilikuwa halifiki kwetu juu. Barabara ilikuwa chini kabisa, na chini huko ndiko zahanati ilikokuwa. Mgonjwa alibebwa mgongoni, au kwenye kiti kilichofungwa kamba, na kila nyumba ilijibebea wake. Zahanati nayo ilikuwa na sheria yake: mgonjwa wa kubebwa hapokelewi mpaka aje na barua ya chifu, na ofisi ya chifu ilikuwa kilima kingine. Yaani nyinyi mnateremka kilima hiki na mgonjwa, mwenzenu anapanda kilima kile kutafuta barua, na ugonjwa umekaa katikati unawangoja. Hakuna aliyejua sheria hiyo ilizaliwa lini. Tulichojua ni kwamba ilikuwa imeshiba.

Basi jirani yetu wa upande wa juu alikuwa mjane akiitwa Mama Majala. Darasani hakuwahi kuingia hata kwa kufuata kuku, lakini alikuwa na jicho la kuona kitu kimoja kikifanya kazi mbili. Aliona kwamba mgonjwa anashuka njia ile ile inayoshukwa na kabichi. Kabichi zetu zilishuka kichwani hadi barabarani siku za lori la soko, zikapakiwa kwenda Voi. Siku moja naye akapanda lori hilo, akaenda Voi kwa muuza duka mmoja Mwislamu, mzee mpole wa asili ya pwani, akamwomba turubai kuukuu la lori.

"Mama yangu, turubai hili limeshakwisha kazi," mzee akamwambia.

"Kazi ya lori ndiyo imekwisha, baba," akajibu. "Yangu haijaanza."

Akarudi nalo. Akalikata, akalikunja mara mbili, akalishona kwa kamba ya mkonge kwenye miti miwili ya mkaratusi, na ncha za miti zikachongwa zikawa mipini ya kushika. Hiyo ndiyo ikawa machela. Siku za lori ilibeba kabichi na nyanya, mwenye mboga akatoa kidogo, na hicho kidogo kikanunua kamba mpya, sabuni ya kufulia turubai na uji wa wabebaji. Akipatikana mgonjwa, kabichi zilishushwa, mgonjwa akapanda, na mgonjwa hakulipa kitu.

Na nani wa kubeba? Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu, ingawa kimya kimya. Wusi tulikuwa na zamu ya maji tangu enzi za mababu. Maji yanashuka mferejini, kila nyumba ina saa zake za kuyafungulia shambani, na anayeiba zamu ya mwenzake hujulikana hata akiwa wa ukoo mkubwa namna gani. Mama Majala aliichukua zamu ya maji akaifanya zamu ya mabega. Nyumba hizi zinabeba wiki hii, zile wiki ijayo. Watu walielewa siku hiyo hiyo, kwa sababu hawakufundishwa kitu kipya.

Mimi nilicheka. Msomi alikuwa na kazi gani nyingine? Nikamwambia, "Mama, mnawapakia wagonjwa pamoja na kabichi, siku moja mtawauza kwa kilo."

"Wewe nani atakununua?" akaniuliza. "Hata jiko lenyewe limechoka kukuona."

Lakini kulikuwa na sharti moja alilolitia ambalo ndilo lililonikamata. Sisi Wataita, mwanangu, tangu zamani tunasema kwamba hasira iliyofungiwa moyoni haikai bure. Inatoka kwa siri, inakwenda kumdhuru mtu, wakati mwingine hata mtoto asiyehusika. Ndiyo maana wazee walikuwa na kutasa. Unachukua maji au pombe ya miwa kinywani, unayapuliza nje, unataja linalokukera, unasema limetoka, kisha unaomba heri. Wa kanisani tulikuwa tumeanza kuona haya. Mama Majala mwenyewe Jumapili alifika kanisani kabla ya kengele, ila alisema Mungu hajawahi kumkataza mtu kusukutua moyo. Kwa hiyo kabla ya kuinua machela, kibuyu cha maji kilizunguka. Mwenye neno na mwenzake alitema hapo hapo. Asiyetaka kutema hakushika mpini.

Mimi nilikuwa na neno. Lilikuwa la Mwadime, jirani yangu wa chini. Wiki mbili kabla ya hapo aliyafungulia maji saa zangu, shamba lake likanywa, kabichi zangu zikalegea masikio. Sikumwambia kitu. Nilikutana naye njiani nikatabasamu, nikamuuliza habari za nyumbani, nikarudi kwangu kuutia moto kuni. Mtu aliyekosewa akikaa kimya na kutabasamu, mwanangu, usimsifu kwamba ni mpole. Huenda anafuga chui.

Asubuhi ya siku ya lori, Mama Majala akasimama mlangoni petu, leso kiunoni.

"Karani, toka. Ni zamu yenu."

"Mama, nimeamka na mguu huu..."

"Mguu upi?"

"Wa kushoto."

"Juzi ulikuwa wa kulia. Inuka, mwanangu. Mghoi amekamatwa na uchungu tangu jana, na mkunga anasema mtoto amekaa vibaya. Tusipomfikisha chini leo, tutawakosa wote wawili."

Mghoi alikuwa mke wa Mwadime, na hiyo ndiyo iliyokuwa mimba yao ya kwanza kufika miezi tisa. Mbili zilikuwa zimeharibika. Kijiji kizima kilikuwa kimeihesabu hii pamoja nao.

Nikaenda. Kabichi zikashushwa, Mghoi akalazwa, uso wake umekuwa wa rangi ya majivu. Kibuyu kikazunguka. Mmoja akatema ugomvi wa mbuzi, mwingine akatema neno la shemeji yake, watu wakacheka kidogo. Kikanifikia. Nikavuta maji nikajaza mashavu. Mwadime alikuwa amesimama mbele yangu, macho mekundu kwa kukesha, akinitazama. Sauti ikaniambia ndani yangu: wewe mwenye cheti, utaanza kutaja habari za kabichi mbele ya watu, mwanamke yuko katika hali hii? Utaonekana mdogo. Basi nikameza. Nikajifuta mdomo kwa kiganja, kama mtu aliyetema.

"Imetoka," nikasema.

Tulikuwa wanne, mimi na Mwadime mbele kwa sababu tulilingana urefu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kwa hatua mia za kwanza kweli niliuona mwepesi. Kisha njia ikaanza kuteremka. Mwadime akasema, "Polepole." Nikaongeza mwendo. Akasema, "Tupite kushoto, kulia kumeloa." Mimi huyo kulia. Sikupanga, nakuapia. Mguu ulijipangia wenyewe, na safari hii ulikuwa ule wa kulia kweli. Ukateleza kwenye tope, mpini ukaniponyoka, machela ikainama. Mghoi akaporomoka nusu ya mwili nje, akadaka mzizi wa mpera kwa mkono mmoja, akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia tena, na sitaki.

Walimdaka, wakamrudisha. Mwadime hakunitukana. Alikuwa amepiga magoti, kiganja kwenye tumbo la mkewe. Mama Majala akaja akasimama mbele yangu.

"Umemeza," akasema.

"Nimemeza nini, Mama?"

"Nimelea watoto saba na wote nimewapa dawa ya minyoo. Koo likimeza nalijua. Nilidhani ni kiu."

Mwanangu, nimewahi kukemewa na walimu, na baba yangu, na baadaye na mke wangu ambaye ana kipaji. Hakuna kemeo lililonishusha kama hilo, lililosemwa kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Akanipa kibuyu. Nikajaza kinywa, nikayapuliza maji kwenye majani, nikasema: "Mwadime, uliyachukua maji yangu. Kabichi zangu zikafa. Nimekuchukia siku kumi na nne huku nikikusalimia. Imetoka. Mghoi ajifungue salama."

Mwadime akachukua kibuyu, naye akatema. "Niliyachukua," akasema. "Nilijua ni saa zako. Nilijua pia hutatoka jikoni kuja kuniuliza. Imetoka."

Hata katika hali ile kuna mtu alicheka. Mghoi akainua kichwa kwenye turubai. "Nyinyi wawili," akasema, meno yakiwa yameumana, "malizeni maji yenu, ama nizae hapa hapa mtoto mumwite Kabichi!"

Tukainua. Mama Majala akakataa kunirudishia mpini wangu. Akaushika yeye, na mimi nikatembea kando nikisafisha njia, nikitoa mawe na matawi. Utu uzima wangu ulianza hapo, nadhani, kwa kuondoa mawe mbele ya mwanamke aliyebeba zaidi yangu.

Tukafika zahanati jua likiwa utosini. Dresa, yaani yule mhudumu aliyekuwa akiangalia wagonjwa, alikuwa kijana mgeni aliyetokea upande wa Maungu, koti jeupe limepigwa pasi likasimama lenyewe. Akatokea mlangoni akanyoosha mkono.

"Barua ya chifu?"

Hakukuwa na barua. Aliyetumwa kwa chifu alikuwa bado huko kilima cha pili.

"Basi wekeni hapo kivulini tungoje," dresa akasema. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa sheria, na sheria ikiwa changa mkononi mwa kijana ni kali kama pilipili mbichi. Mimi damu ikapanda. Nikasema sasa ndiyo nafasi ya cheti changu kufanya kazi. Nikaanza kupanga Kiingereza changu chote kinywani, maneno marefu marefu, mengine sikuyajua maana, ilimradi yawe mazito ya kumpiga nayo.

Sikupata nafasi. Mama Majala alisogea na machela yake hadi mlangoni, akamwambia dresa kwa upole kabisa, "Mwanangu, hebu nishikie hapa kidogo. Bega limekataa."

Na dresa akashika. Ni mkono tu, mwanangu. Mtu aliyelelewa vizuri, mama akimwambia nishikie, mkono wake hutangulia kabla akili haijauliza barua. Alipokwisha kuushika mpini, Mama Majala akatoka chini yake, akajifunga leso upya, akasimama kando kama mgeni aliyekuja kutazama. Sasa uzito ulikuwa wa dresa. Nilimwona akishuka bega. Nilimwona akigeuka kumtazama Mghoi, ambaye kichwa chake kilikuwa karibu na kiwiko cha dresa, anahema.

"Ukisimama hapo mtachoka wote," Mama Majala akasema. "Ndani ni mbali?"

Dresa akaingia ndani na mgonjwa.

Tulikaa nje. Lori la soko likapiga honi, likaondoka na kabichi za wengine. Zetu zilikuwa zimebaki kule juu zimerundikwa njiani, na hakuna aliyezitaja. Mwadime aliketi chini, mgongo ukutani. Nikaenda nikaketi karibu naye. Tukakaa hivyo mpaka tuliposikia sauti nyembamba yenye hasira ya mtu aliyetoka ulimwengu mzuri akaletwa kwetu. Msichana. Mama yake mzima. Mwadime akanikamata shingo, nikadhani ananikaba, kumbe analia.

Baadaye dresa akatoka, koti limekunjamana, daftari mkononi. Akasimama mbele ya Mama Majala.

"Mama, umeniingiza matatani. Hapa pa barua nitaandika nini?"

"Andika kwamba ulimbeba wewe."

Akaandika. Nililiona daftari kwa macho yangu. Na kuanzia siku hiyo, mwanangu, mambo yakaanza kusogea, si kwa kelele. Siku yake ya mapumziko dresa alipanda kilima kuja kuona njia tunayopita. Alifika juu hana pumzi, tukampa uji, na wiki iliyofuata akachukua zamu kama mtu wa Wusi. Aliyeishuka njia ile na mgonjwa begani hawezi tena kumwambia mtu angoje barua. Akawaandikia wakubwa wake. Wakubwa wakauliza kwa chifu. Chifu, ambaye hakutaka kuonekana wa mwisho, akatangaza kwenye baraza kwamba mgonjwa apokelewe kwanza, barua ifuate. Baadaye gari la wagonjwa likapangiwa kusimama njia panda siku za lori, kwa sababu siku hizo ndipo machela iliposhuka. Watu wa vilima vingine wakaja kutazama, wengine walitoka mbali hadi Mahoo, wakaenda kushona za kwao.

Sitakudanganya kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Palifika wakati wakubwa walipenda mradi hadi wakataka kuumiliki. Ikaundwa kamati yenye mwenyekiti, makamu, katibu na makamu wa katibu. Katibu nilikuwa mimi, maana cheti changu hatimaye kilikuwa kimetambuliwa. Tulikutana miezi mitatu kujadili rangi ya turubai. Mama Majala alihudhuria mara moja, akasikiliza, akauliza, "Kati yenu ni nani ana zamu wiki hii?" Hakuna aliyejua. Akainuka akaenda kubeba kabichi, kamati ikafa kifo chema. Ndicho kikao pekee nilichohudhuria ambacho kilifanya uamuzi.

Sasa nasaha, mwanangu, kabla chai yangu haijapoa.

Ukitaka kuwasaidia watu, usianze kwa kutafuta kilicho kikubwa. Angalia watu wako tayari wanafanya nini, wanabeba nini, wanapita njia gani, wana desturi gani ya kugawana kazi. Jenga juu ya hapo. Mradi wako uwe na kitu cha kuulisha, maana huruma yenye njaa haifiki mbali. Ukikosewa na mwenzako, mwambie mapema, likiwa bado neno dogo la kabichi. Hasira ni hasara, na hasara yenyewe mara nyingi humwangukia mtu ambaye hakuwamo. Mimi karibu nimuue mwanamke na mtoto kwa sababu niliona haya kutaja mboga.

Na ofisi? Usiichukie ofisi. Ofisi ni watu waliokaa mahali ambapo mzigo hauwafikii. Ukiwapigia kelele, wataongeza mihuri. Ukiwapiga na Kiingereza, wana kingi kuliko chako. Tafuta namna ya kuwapa mpini washike, hata kwa dakika mbili, wausikie uzito kwa bega lao wenyewe. Mwenye moyo atatembea. Asiye na moyo angalau utakuwa umemjua, na utatafuta mlango mwingine ukiwa na nguvu zako zote.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe marafiki wanaokucheka usoni na kukusifu kisogoni. Akupe kazi inayokuchosha vizuri, na nyumba unayofurahi kuirudia. Akujalie uyaone matunda ya ulichopanda, na usipoyaona, wakayale watu wema. Unakoelekea kuwe na heri, na huku unakotuacha tubaki na heri. Amina.